Karani Alipomkimbia Bibi Minza

Mama Kulwa alinipigia simu mwezi uliopita, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, nikiwa maktaba nikirekebisha tanbihi za sura ya tatu ya tasnifu yangu. "Anitha," alisema, "Bibi amepumzika." Nilipaswa kumpa pole. Badala yake nilimuuliza swali ambalo mtu aliyelelewa vizuri haulizi kabla ya pole: "Amekufaje?" Nililiuliza kwa sauti kubwa kiasi kwamba watu wawili waliokuwa meza ya pili waliinua vichwa. Upande wa pili wa simu nilisikia masufuria na wanawake wakiitana, kisha nikamsikia Mama Kulwa akivuta pumzi, kwa maana alielewa nilichokuwa nikiuliza, na sidhani kama kuna mtu mwingine ambaye angeelewa. "Uzee, mwanangu," akajibu. "Uzee tu. Kitandani kwake. Amekunywa uji, akalala." Nilitoka nje, nikaketi kwenye ngazi, nikalia kwa muda ambao sikuupima, ingawa mimi hupima karibu kila kitu, na nilipojichunguza, kama ilivyo kawaida yangu, nijue ninalia nini hasa, niliona kuwa huzuni ilikuwa sehemu ndogo. Sehemu kubwa ilikuwa nafuu. Mwanamke aliyewahi kuwa hatarini kwa sababu ya kalamu yangu alikuwa ameishi mpaka uzee ukammaliza wenyewe, bila kusaidiwa na mtu.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule nilioishi Bariadi nikiwa na miaka ishirini na saba, nikikusanya takwimu za shahada ya uzamili kuhusu namna wakulima wa pamba wanavyoamua siku ya kupulizia dawa. Nilipanga chumba kwa Mama Kulwa, mtaa wa Somanda. Siku tatu za wiki nilikwenda na madodoso yangu Mwamanyili na Kalemela, nikarudi kupitia Lamadi nikiwa na sato aliyefungwa kwenye gazeti. Siku zilizobaki nilikaa sebuleni nikiyapanga majibu ya wakulima katika majedwali. Sebule ile naikumbuka kuliko vyumba vyote nilivyowahi kuishi: makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, kalenda ya parokia, jokofu la zamani lililotetemeka kama mgonjwa wa malaria, na juu yake redio ambayo haikuzimwa tangu alfajiri. Asubuhi tulikula michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, ikiwa imepikwa kwa karanga zilizopondwa, na Bibi Minza, mama yake Mama Kulwa, alikuwa akinisogezea bakuli lake likiwa bado nusu, akisema kuwa mtu anayeandika kutwa nzima ana njaa kuliko mtu anayelima. Macho yake yalikuwa mekundu, kazi ya miaka mingi ya kupikia mabua ya pamba katika jiko lisilo na dirisha. Niliyaeleza hivyo katika daftari langu wiki ya kwanza, nikaridhika. Sikujua kuwa wako watu ambao maelezo yao ya macho ya namna ile, kwa mwanamke mzee, hayaishii kwenye moshi bali kwenye uchawi.

Paka wa nyumba aliitwa Karani. Alipokuwa mdogo alipenda kukaa juu ya mizani ya marehemu babu, ametulia kama karani wa pamba anayesubiri wakulima wapange foleni, na jina likamganda. Hakuruhusiwa kutoka nje, kwa kuwa paka wawili waliomtangulia walikufa baada ya kula panya waliotegwa kwa sumu na majirani, na Mama Kulwa aliapa kuwa wa tatu hatazikwa. Kwa hiyo dunia ya Karani ilikuwa vyumba vinne na ukumbi mwembamba, na mhimili wa dunia hiyo ulikuwa Bibi Minza. Alilala miguuni pake, juu ya kitanda kilichozungukwa na magunia ya mpunga. Bibi alipoketi, yeye alipanda mapajani. Bibi alipokuwa akichambua mchele, Karani alinyoosha mkono akachezea chuya. Bibi alikuwa hasikii vizuri, ukimsemesha ni lazima umsogelee upande wa kushoto, na nilizoea kuwaona wawili hao wamekaa saa nzima bila kuhitaji neno lolote, jambo ambalo, kwa mtu anayefikiri sana kama mimi, lilikuwa linapumzisha hata kulitazama.

Mwezi wa pili, wakati wa kupulizia pamba, mabadiliko yalikuja siku moja. Naweza kutaja saa: ilikuwa saa tano na dakika kumi, kwa sababu nilikuwa nimetoka kuandika muda kwenye jedwali. Bibi alimnyanyua Karani kutoka kwenye kochi, akamweka mapajani kama siku zote, na paka yule akaruka kama aliyewekwa juu ya kikaango. Alimkwaruza Bibi mkononi, akakimbilia juu ya kabati la vyombo, akajikunja huko, macho yamekuwa meusi yote, masikio yamelala. Tangu hapo kila Bibi alipoingia sebuleni, Karani alitoka au alipanda kabati. Bibi alipomwita, alijibana nyuma ya jokofu. Hakulala tena kwenye kitanda kile. Kwangu, kwa Mama Kulwa, hata kwa wageni, alikuwa Karani yuleyule. Bibi alisimama katikati ya sebule, akiutazama mkono wake uliokwaruzwa, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ng'wanone, nimemfanya nini?" Ng'wanone ni mwanangu, kwa Kisukuma, na aliponiita hivyo kwa kawaida nilijiona nimefika nyumbani. Siku hiyo nilijiona nimepewa kazi.

Nilichofanya nilikifanya kwa nia njema na kwa mbinu sahihi, na ndiyo maana kinanitesa zaidi. Nilifungua daftari jipya. Niliandika saa, mahali, nani alikuwepo, Karani alifanya nini. Niliondoa sababu moja baada ya nyingine. Nilimkagua miguu, meno na masikio: hakuwa na kidonda. Tulitoa magunia yote ya mpunga tukitafuta nyoka: hapakuwa na nyoka. Nilichunguza sabuni, mafuta ya kujipaka, hata dawa ya kupulizia niliyorudi nayo kwenye nguo zangu kutoka mashambani: nikajipuliziapulizia harufu hiyo makusudi, na Karani akanilalia miguuni. Baada ya siku tisa daftari lilikuwa na hitimisho moja tu, kwamba paka anamwogopa Bibi Minza na hamwogopi mtu mwingine yeyote. Mtu wa kawaida angeishia hapo, akasubiri. Mimi nilifanya kile nilichofundishwa, nikatafuta ulinganisho. Nilichapa karatasi ya maswali sita, nikaenda nayo katika nyumba kumi na moja za mtaa ule zenye paka. Swali la tatu liliuliza: je, paka wako amewahi kumkimbia ghafla mtu mmoja wa nyumbani? La nne liliuliza: mtu huyo ana umri gani?

Nilijua mambo yamekwenda wapi siku ya tano baada ya kuzungusha karatasi, nikiwa nimepanga foleni ya maji bombani, nyuma ya wanawake wawili ambao hawakunigeukia. Mmoja alikuwa Mama Shija, jirani wa ukuta kwa ukuta, katibu wa jumuiya yetu ya parokia, mwanamke mwenye kicheko kikubwa na taarifa za kila nyumba.

"Paka wake mwenyewe," alikuwa akisema. "Aliyemlea mwenyewe."

"Paka huona," akasema mwenzake.

"Mimi sisemi kitu. Ila yule msomi wa chuo amezunguka na karatasi. Unafikiri chuo kinatuma mtu atembee juani kwa ajili ya paka? Wameshapima. Imeandikwa."

Imeandikwa. Nimesikia hukumu nyingi za wahakiki wangu tangu wakati ule, na hakuna iliyowahi kunikata miguu kama neno lile. Maneno ya mtaani yangeweza kuzeeka na kufa kama maneno mengine. Mimi nilikuwa nimeyapa kichwa cha habari, nambari za maswali na nafasi ya sahihi.

Baada ya hapo dalili zilikuja moja moja, ndogondogo, na kila moja ingeweza kuelezwa vinginevyo. Binti aliyekuwa akituletea maziwa alianza kuyaacha mlangoni. Wanawake waliokuwa wakimshika Bibi mkono barabarani walimwamkia wakiwa upande wa pili. Kisha Mama Shija akatuma ujumbe kuwa ibada ya jumuiya ya Jumamosi, ambayo kwa zamu ilikuwa ifanyike kwetu, huenda ikahamishiwa kwake, kwa sababu ya matope. Mvua haikuwa imenyesha kwa siku nne. Mama Kulwa alisoma ujumbe ule akiwa anasonga ugali, akaweka mwiko kando, akanigeukia, na sijawahi kusikia mtu akinifokea kwa upole kama ule.

"Mwanangu, wewe ni mgeni, na nilipaswa kukuambia. Maswali kama yale huku kwetu hayaulizwi kwa karatasi. Nikiwa mtoto, kijijini, kulikuwa na mama mmoja walianza hivihivi. Kwanza hawakumsalimia. Basi. Sitaki kukueleza mwisho wake."

"Nitawaambia kuwa ni utafiti tu," nilisema.

"Ndicho walichokisikia, kwamba ni utafiti."

Mpango wake ulikuwa kumpeleka Bibi Lamadi kwa mwanawe wa kiume, kesho yake Jumamosi, kabla ya ibada, akakae huko mpaka watu wasahau. Alimsogelea mama yake upande wa kushoto, akamweleza kwa sauti iliyopitiliza, na sote tulijua kuwa nusu ya mtaa ilikuwa inasikia. Bibi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema, bila hasira, "Nikiondoka nimekubali." Akaendelea kumenya karanga.

Hiyo ilikuwa Ijumaa, kama saa nane mchana. Mama Kulwa alitoka kwenda kutafuta usafiri, akiwa ameamua kuwa hataki kusikia jibu lile. Nilibaki na Bibi sebuleni, yeye kwenye kochi lake na ungo wa karanga, mimi kwenye mkeka, Karani juu ya kabati akiutazama mgongo wa Bibi kama mtu anayeangalia mto uliofurika. Nilikuwa natunga barua ya kuomba radhi ambayo singempa mtu. Ndipo umeme ukakatika. Redio ilizima katikati ya tangazo, jokofu likatetemeka mara ya mwisho likanyamaza, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie nyumba ile niliisikia sebule yenyewe. Ndani ya ukimya ule palikuwa na sauti. Ilikuwa nyembamba mno, kama mluzi wa mbu aliyeingia kwenye chupa. Nilikwisha kuisikia kabla, sasa nakiri, na niliiandika pembeni mwa daftari kama kasoro ya jokofu. Lakini jokofu lilikuwa limezima. Bibi aliinama kuokota karanga, na mluzi ukapanda juu. Akaketi wima, ukashuka. Juu ya kabati, masikio ya Karani yalipanda na kushuka pamoja nao.

Nilimsogelea Bibi kwa magoti. Sauti ilitoka kiunoni mwake, kwenye pindo la khanga, lile fundo ambalo wanawake hufunga ufunguo na noti zao. "Bibi, hapa una nini?" Alifunika fundo kwa kiganja upesi, kama msichana aliyekamatwa na barua. Ilibidi nimweleze mara tatu kuwa simshutumu. Hatimaye alilifungua, na ndani, pamoja na ufunguo wa sanduku na kipande cha tangawizi, kulikuwa na kifaa chake cha kusikia.

Mwisho wa mwezi wa kwanza mwanawe wa Lamadi alikuwa amempeleka kwa madaktari wa masikio waliopita kule, wakampa kifaa kile, na familia nzima ilifurahi. Kila Jumapili Mama Kulwa alibadilisha betri, akamvalisha mama yake mwenyewe, akafunga kilemba juu yake vizuri kisianguke. Sisi sote tuliamini kiko sikioni. "Ile redio," Bibi aliniambia, hakuwahi kukiita jina jingine, "inaniletea masufuria. Yote. Na kuku. Sitaki kusikia masufuria, ng'wanone, nimeyasikia maisha yangu yote. Lakini wanangu wamehangaika. Nikiwaambia siitaki, watasikia vibaya. Nikaiweka mahali pa vitu vya thamani." Alikuwa anakivua kila siku asubuhi na kukifunga kwenye khanga kikiwa kinawaka, na kifaa cha namna ile kikibanwa ndani ya kitambaa hujisikia chenyewe na kupiga mluzi. Yeye hakuweza kuusikia. Sisi tulikuwa na jokofu na redio. Karani peke yake, mwenye masikio kuliko nyumba nzima, alikuwa amewekwa mapajani juu ya mluzi ule bila onyo.

Mtu mwingine angeshangilia. Mimi nilisema, kwa sauti, peke yangu, kuwa tukio moja si ushahidi. Nilichukua khanga ya pili ya Bibi, nikafunga kifaa kwenye pindo, nikajifunga kiunoni, nikaenda hadi chini ya kabati nikamwita Karani kwa sauti ileile niliyomwitia chakula kila siku. Alinitazama. Nikasogea hatua moja. Akaruka juu ya kichwa changu, akapita ukumbini, akaingia chumbani, na nilipogeuka nilimwona yuko juu ya kitanda cha Bibi, katikati ya magunia ya mpunga, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Amenikimbia mimi. Sijawahi kukataliwa na kiumbe chochote nikafurahi namna ile. Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni, na Bibi, ambaye hakusikia kicheko bali alikiona, akaanza kucheka naye.

Mama Kulwa aliporudi nilimwonyesha. Alimtazama mama yake, akasema, "Masufuria." Kisha akanigeukia. "Maswali uliyapeleka kwa miguu. Na majibu uyapeleke kwa miguu." Kwa hiyo jioni ile, jua likiwa bado lipo, nilirudi katika nyumba zilezile kumi na moja. "Mwangaluka" ni salamu ya Kisukuma ya asubuhi, na kwa hofu niliitoa jioni ile katika nyumba tatu za kwanza. Watoto walinicheka, na nadhani kosa lile lilinisaidia kuliko usomi. Nilisema kila mahali maneno yaleyale: nimekosea, kosa ni langu, sababu imepatikana, njooni kesho mwione kwa macho yenu. Mama Shija alinisikiliza akiwa ameegemea mlango, mikono kifuani. "Sasa karatasi ya kwanza ilisema hivi, hii ya pili inasema vile," akasema. "Chuo chenu kina karatasi ngapi?" Nikamwambia hii ya pili haina karatasi. "Matope yamekauka," akasema, na akafunga mlango.

Kesho yake walikuja kwetu ibadani wanawake tisa. Walikaa karibu na mlango. Baada ya somo na sala za nia, wakati wa matangazo, Bibi mwenyewe alisimama, akafungua fundo mbele yao, akaeleza habari ya masufuria kwa Kisukuma, na sikuelewa yote lakini niliona midomo ikianza kucheza. Nikakiwasha kifaa, akakifunga tena kwenye pindo, akamkabidhi Mama Shija khanga. Mama Shija, kwa kuwa alikuwa katibu na watu walikuwa wanamtazama, alijifunga. Karani alikuwa amelala chini ya meza. Mama Shija hakufika hata nusu ya sebule; paka alipanda pazia.

Kisha sauti ya nyuma kabisa ikauliza, kwa utulivu wa mtu anayeulizia bei ya nyanya, "Mama Shija, na wewe tangu lini?"

Kicheko kilichotoka mle ndani kilifika barabarani. Mama Shija alicheka kuliko wote, mpaka akajifuta machozi kwa khanga yenyewe, mluzi ukapanda, paka akapanda zaidi. Wawili walitaka kujaribu, lakini Bibi alinyoosha mkono. "Basi," alisema. "Mwacheni karani wangu apumzike." Mama Shija alifungua khanga, akamrudishia kwa mikono miwili, akipiga goti kidogo, na akakishika kiganja cha Bibi muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji. Hakuomba radhi kwa maneno. Wala mimi sikuombwa radhi na mtu, kwa kuwa mwenye kosa nilikuwa mimi. Baadaye nilimfundisha Bibi kufungua kijimlango cha betri kabla ya kukifunga kifaa kwenye pindo, na mwanawe wa Lamadi akaambiwa ukweli, naye hakusikia vibaya. Karani alichukua siku kumi na moja kurudi mapajani. Nilizihesabu.

Nilifika Bariadi Alhamisi, mchana wa mazishi. Mama Shija ndiye aliyenipokea, nywele zake sasa nyeupe, akanipeleka moja kwa moja chumbani kwa Bibi. "Tulimwosha sisi wa jumuiya," aliniambia. "Tulipomvua khanga tulikuta fundo. Nikawaambia wenzangu wasifungue, wewe mwenyewe uko njiani." Aliniwekea pindo lile mkononi akaniacha. Nililifungua nikiwa nimesimama. Palikuwa na ufunguo, kipande cha tangawizi kilichokauka, na kifaa, kijimlango cha betri kikiwa wazi, kama nilivyomfundisha. Kitandani, upande wa miguu, paka mchanga nisiyemjua alikuwa amelala kwenye joto la dirisha. Nilifunga fundo tena, nikaliweka karibu kabisa na masikio yake, nikasubiri. Hakuamka.